Saa Tano, Mzigo Chini

Saa tano asubuhi mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa ameshatua mzigo. Wanangu, hiyo imezeni taratibu. Msela wa karne ya 19, ana farasila mbili za vitambaa au shanga begani, yaani kilo 32 hivi, na juu yake kuna mkeka wake wa kulalia, kibuyu, chungu cha kambi na bunduki kama anayo, anakata mbuga kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji, kilomita zinazokaribia 1,200 za mguu tupu. Halafu jua likianza kuwa kali, mwana yuko kivulini anasubiri ugali uive. Mishe ya siku imeisha. Kesho tena alfajiri.

Hao ni wazee wetu kabisa, sisi wa Nzega, Uyui, Urambo na Sikonge. Mimi naandika nikiwa Lusu, kwenye vumbi la dhahabu, na kila nikiwaangalia washkaji wangu wanavyojimaliza duarani, kwenye mashimo ya kuchimbia dhahabu, naona mabega ya wale wazee tumeyarithi, ila ratiba yao tumeipoteza. Ishu yangu leo ni hiyo ratiba. Kupumzika kwao kulikaa ndani ya kazi, kulihesabiwa na kulipiganiwa, na yoga tunayoipiga huku kitaa ndiyo iliyonifanya nilielewe hilo kwa mwili, maana kwa kusoma tu nilikuwa napita juu juu.

Tuanze na barabara. Msafara ulishika njia alfajiri, hewa ikiwa bado ya ubaridi. Mbele alikuwepo kirangozi, mwamba mwenye bendera na manyoya kichwani, na hakuna wa kumpita. Aliyemtangulia alitozwa faini. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, mastaa wa msafara. Pembe kubwa ilikaa begani mwa mtu mmoja, na kwenye ncha wengine walining'iniza kengele ya ng'ombe, kila hatua inalia. Ndipo wakaja watu wa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kirangozi akichapa mwendo, wote wanachapa. Akitua, wote wanatua.

Sasa cheki ufundi wenyewe. Mtumba wa vitambaa ulifungwa mrefu na mwembamba, ukakazwa kwa vijiti, na vile vijiti viliachwa vitokeze panda upande mmoja. Msafara ukisimama, mzigo unasimama juu ya panda zake. Haulali kwenye unyevunyevu, na kuurudisha begani hukunji mgongo mpaka chini. Yaani mtu anafunga mzigo huku ameshawaza atautua vipi. Mimi hapo huwa nainua mikono. Sisi huku tunajaza kiroba cha mawe mpaka kinataka kupasuka, ndipo tunaanza kuulizana nani atakinyanyua.

Kulikuwa na siku za kujilipua pia. Mwendo wa hivyo waliuita tirikeza: mnaondoka mchana jua likiwa utosini, mnatembea mpaka usiku, mnalala mahali pasipo maji, na alfajiri mnakimbizana mpaka kwenye kisima kinachofuata. Mgunda Mkali, lile pori kavu kati ya Ugogo na Tura, lilipitwa kwa staili hiyo. Walijua kukaza kufa mtu. Ila tirikeza ilikuwa na sababu inayoeleweka na kila mtu, kiu, na ilikuwa na mwisho unaojulikana, maji. Hakuna aliyeifanya tirikeza maisha.

Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 akiwa na mwenzake Speke, wakafika Kaze, pembeni ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Kitabu alichotoa mwaka 1860 kimejaa malalamiko juu ya wapagazi: wamegoma, wanataka siku ya kukaa, wanataka posho kwanza, wamekimbia usiku. Yeye aliuona uvivu. Mimi nawaona watu wanaoujua mwili wao na bei yake. Walipofika Kaze wale wa Unyamwezi walitua jumla na kila mtu akashika njia ya kwao, kwa sababu makubaliano yaliishia hapo, na bwana mkubwa akakaa zaidi ya mwezi kabla ya kupata watu wa kuendelea naye. Mwanahistoria Stephen Rockel, kwenye kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anawaonyesha kuwa wafanyakazi huru wa ujira waliokuwa na desturi zao za uzito wa mzigo, urefu wa mwendo na siku za mapumziko, na waliogoma desturi hizo zilipovunjwa. Wengi walisafiri kiangazi na kurudi mvua ikikaribia, wawahi kulima. Hata mwaka wenyewe waliugawa.

Na tuseme lote, maana njia hii haina utamu peke yake. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo na makongwa, wanaopelekwa pwani kuuzwa. Hao hawakuwa na saa tano. Aliyeanguka hakuulizwa hali. Kwenye barabara ile ile, siku ile ile, unamkuta mtu anayeweza kusema "leo hatuendi" na mtu asiyeweza. Mimi nikipima kama kazi fulani ni ya mtu huru, naanzia hapo.

Haya, turudi Lusu ya sasa. Kwa wasiopajua, ni kata ya Wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora mjini, na dhahabu iko chini ya miguu. Jirani hapa ndipo ulipokuwa mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute ya Australia, wa kwanza kati ya ile migodi mikubwa ya kisasa iliyofunguka nchini wimbi la uwekezaji la miaka ya 1990 lilipoingia. Ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa 1998, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukafunga kazi. Mashine zikasepa. Tuliobaki ni watu wa tindo, nyundo, kamba, karasha na imani.

Duara halijui usiku wala mchana. Ukiwa chini mita nyingi, giza ni lile lile, na mwamba ukionyesha dalili hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka, kwa sababu kila mtu anahofia kukosa mgao. Kwa hiyo masela wanakomaa. Kopo la enaji, sigara, kahawa, kopo lingine. Nimeshawasikia watu wakijipiga kifua kwamba hawajaona kitanda tangu juzi, na vijana wadogo wanawaangalia kwa macho ya "huyu ndiye". Ukisinzia unachekwa. Ukienda kupiga mbonji unaitwa mlaini. Halafu kuna wale jamaa wa kwenye simu, wana suti na kipaza sauti, wanakwambia tajiri halali na wewe ukilala utakufa maskini. Bando lako ndilo linalowalipa.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha kipimo kilichonikaa kichwani. Waliwakeshesha watu na kuwapa kazi ya mkono na jicho, kisha wakalinganisha na watu waliokunywa pombe. Saa 17 bila kulala zilimshusha mtu kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 24 zikamfikisha kama asilimia 0.10. Sheria ya barabarani ya Tanzania inamkamata dereva kwenye 0.08. Kwa hiyo yule mwana wa boda aliyekesha kuanzia jana alfajiri na hajagusa hata tone, kichwa chake kimeshavuka mstari wa mlevi, na nyuma amempakia mtoto wa mtu. Na yule anayeshuka duarani akiwa amekesha anakanyaga matimba, hizo nguzo za mbao zinazozuia udongo, kwa mguu wa mlevi. Tumezika watu. Sitaki kuizungusha hiyo.

Yoga iliingia kwetu kwa mguu wa mshkaji aliyeishi Nairobi. Alikuwa anapiga vibarua Kariobangi, huko wasee wanaita kuhasola, na kuna Jumamosi moja marafiki zake wakamvuta kwenye darasa la bure la Africa Yoga Project. Hawa jamaa walianza mwaka 2007, waanzilishi ni Wamarekani Paige Elenson na Baron Baptiste, na walichofanya cha maana ni kuwafundisha vijana wa mitaa ya Nairobi wawe walimu wenyewe, ufundi ukae na watu wa mtaa na uwape doo. Bongo yoga nyingi ninayoiona iko kwenye hoteli za ufukweni Zanzibar, Paje na Jambiani, inauzwa kwa dola kwa mgeni aliyekuja tayari kupumzika. Sina ubaya nao. Ila anayehitaji kujifunza kuachia mabega ni mtu wa winchi duarani, na huyo hajawahi kuletewa.

Sisi tunatandika viroba vilivyopasuliwa, juu yake khanga au mkeka wa ukindu, chini ya mwembe. Muda ni jioni, kabla ya shifti ya usiku au baada ya ile ya mchana. Mwanzo kuna aliyeuliza kama hii ni ibada ya Kihindi. Swali la heshima, na jibu ni kwamba yoga ilizaliwa India ndani ya dini na falsafa za kule. Sisi nyimbo zake hatuimbi, tunachukua mkao na pumzi, na mwenye swala au misa yake anaondoka mapema bila kesi. Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, Juni 21, uamuzi wa Desemba 2014. Lusu hatujawahi kuisherehekea. Tarehe hiyo huku ni kiangazi, watu wako duarani mpaka shingoni.

Mkao unaotufundisha zaidi ni wa kiti. Miguu karibu, magoti yanakunjwa, makalio yanarudi nyuma kana kwamba kuna stuli, mikono juu, halafu unakaa hapo hewani. Mapaja yanawaka moto kinoma. Mtu wa duara akikaa hivyo anafanya kile anachofanya kazini: anabana kila kitu. Meno yamekazwa, shingo imeingia mabegani, pumzi imefungwa, vidole vimekuwa chuma. Mshkaji wa Nairobi anapita anagusa mmoja mmoja. "Uso haubebi kitu, mwanangu. Achia uso. Taya legeza. Ulimi uache ulale. Mabega shusha." Mapaja yanaendelea kuungua, ila vingine vyote vinaacha kupiga kazi isiyo yao. Na hapo ghafla unaweza kukaa muda zaidi. Nguvu uliyokuwa unaimwaga kwenye meno inarudi kwenye miguu.

Hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Patanjali, mzee wa India ambaye maandiko yake ya yoga yana zaidi ya miaka 1,500, hakuandika mengi kuhusu mikao. Alidai vitu viwili tu, na alivitaka kwa pamoja: mkao uwe thabiti, na uwe na raha ndani yake, na raha hiyo inakuja ukilegeza juhudi iliyozidi. Hakusema kaza asubuhi ustarehe jioni. Alivitaka ndani ya mkao ule ule. Ukilegeza vyote kwenye mkao wa kiti unaanguka chali. Ukikaza vyote unatetemeka unasanda. Kazi ni kujua nani kati ya misuli yako yuko zamu na nani aende nyumbani.

Nilipolielewa hilo nikamwangalia upya mzee mmoja wa winchi. Winchi yetu ni gogo limelazwa juu ya mdomo wa duara, lina mikono ya kuzungushia pande mbili, kamba inajikunja, kiroba kinapanda. Kijana akiwekwa pale anasukuma mzunguko mzima kwa hasira, juu na chini, na baada ya viroba vichache shati limelowa na mikono inacheza. Mzee anasukuma mkono wa winchi ukiwa unashuka, uzito wa mwili wake ukimsaidia, na anatoa pumzi hapo hapo, unaisikia kabisa. Mkono ukianza kupanda, vidole vyake vinafunguka. Havishiki, vinasindikiza tu, maana sasa ni zamu ya mwenzake wa upande wa pili kushuka. Nusu mzunguko kazi, nusu mzunguko mapumziko, siku nzima. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema ukiwa na njaa na winchi unaitazama miaka mingi, mwili unachagua wenyewe. Hajawahi kusikia jina la Patanjali, na hana haja nalo.

Kitu hicho hicho kipo kwenye ndoo ya maji. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilitoa utafiti wa Maloiy na wenzake waliowapima wanawake wa Kenya, Waluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Wakakuta mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wake bila mwili wake kutumia nguvu ya ziada kuliko akitembea mikono mitupu. Askari mwenye begi mgongoni haipati bahati hiyo. Kila kilo inamdai. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza siri iko wapi: kila hatua mwili unapanda na kushuka, na wanawake wale waliipokea nguvu ya kushuka wakaitumia kusonga mbele bila kuimwaga chini. Tafiti za baadaye Afrika Kusini hazikuona faida hiyo kwa kila mtu. Wengine walibeba kwa gharama kubwa na shingo zao zilijua. Kwa hiyo tusije tukawapa mama zetu ndoo tukasema sayansi imeruhusu. Ninachoshika mimi ni kwamba aliye na ufundi ameupata kwa kujua sekunde gani ya hatua ni ya kuachia.

Sasa tuongee mkao wa mwisho, maana huo ndio uliotuletea shida ya kweli. Shavasana, mkao wa maiti. Unalala chali, miguu imeachana, viganja juu, macho yamefungwa, hufanyi chochote. Iyengar, mwalimu mkubwa wa India aliyefariki mwaka 2014, aliandika kwamba kuutuliza mwili na akili kwenye mkao huu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ukisoma juu juu unaweza kuona anatia chumvi. Aje Lusu. Hapa mtu akisikia "lala kama maiti" anakumbuka jina la mtu aliyemzika. Kuna mwana alikataa katakata, akasimama pembeni na viatu vyake mkononi, kwa sababu kaka yake aliletwa juu akiwa amelala hivyo hivyo. Hakuna aliyemlazimisha. Siku hiyo tulikaa tu wote, tukaongea, yoga ikaishia hapo, na nadhani ndiyo jioni bora tuliyowahi kuwa nayo chini ya ule mwembe.

Baadaye tukakubaliana tusiuite tena mkao wa maiti. Anayeongoza anasema "tueni", basi. Watu wanajilaza wanavyotaka, ubavu, chali, mgongo kwenye shina la mti. Yule mwana siku hizi analala ubavu, uso umeangalia barabara. Na ukiwasikiliza dakika za kwanza, pumzi zinagongana kila moja na mwendo wake. Ukitoa pumzi taratibu, mtoo mrefu kuliko mvuto, moyo unapunguza kasi. Huo ni mfumo wa mwili, hauhitaji imani. Wachache wanapitiwa na usingizi. Wanaachwa. Mtu aliyelala jioni chini ya mwembe huyo hajalala vizuri wiki nzima, utamwamsha umwambie nini?

Ila kuna jambo lilitupiga usoni, na aliyelisema ni mwanamke. Mamantilie wetu, anayeamka saa kumi usiku kuwasha moto, alituangalia tumetandaza viungo pale akauliza: nani ananioshea masufuria ili na mimi nitue? Kimya. Dada zetu wanaoponda mawe kwa nyundo mchana kutwa, wakitoka hapo wanabeba kuni, wanapika, wanaogesha watoto. Kaka anatoka yoga amelegea freshi, anakuta matobolwa na karanga mezani, anakula. Ule wepesi wake umebebwa na mtu. Mimi nasema wazi: mwanaume anayejifunza kupumzika bila kuchukua sehemu ya kazi ya nyumbani anahamisha uchovu tu. Sasa hivi Jumapili maji ya mamantilie yanachotwa na watu wa zamu ya yoga, na yeye anakuja kwenye mkeka. Si wote wanaotimiza zamu. Tunawafuata mpaka geto.

Na hapo ndipo wazee wa msafara wananirudia. Mapumziko yao hayakuwa ya mtu mmoja na utashi wake. Yalikuwa ya kambi nzima, yana saa, yana faini, yana mtu wa kuyasimamia, na yakiguswa watu wanakaa chini na mizigo inabaki ardhini. Leo tunaambiwa kila mtu ajitunze mwenyewe, ajipende, anywe maji. Sawa. Lakini kijana wa kamba atajitunzaje kama akitoka dakika ishirini nafasi yake imechukuliwa na mgao wake umeliwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ipo, na ni nzuri: saa 45 kwa wiki, si zaidi ya 9 kwa siku, dakika 60 za kupumzika kwa anayepita saa tano mfululizo, saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 kamili kila wiki. Isomeni. Tatizo ni kwamba mtu wa mgao hana mwajiri kwenye karatasi, na boda ni bosi wa nafsi yake mwenyewe kwa jina, huku hesabu ya kila siku anampelekea mwenye pikipiki. Kwa hiyo kwetu saa hizo hazitashuka kutoka ofisini. Lazima tuzikubaliane wenyewe, duara kwa duara, kijiwe kwa kijiwe.

Kuna duara moja hapa wameanza. Watu wa winchi wanabadilishana kabla ya kuchoka, wakihesabu viroba, na anayepumzika anabaki na sehemu yake ya mgao ile ile. Mwenye duara alinuna mwanzoni. Akatulia alipoona kamba inapanda kwa mwendo mmoja asubuhi mpaka jioni, haina zile dakika za kusimama hovyo watu wakishikilia viuno.

Nisieleweke vibaya na wale wa kitonga. Kukaa kijiweni kutwa unabeti na kupitisha vidio moja baada ya nyingine siko ninakokuita kupumzika. Macho yanafanya kazi, shingo inafanya kazi, moyo unaruka na matokeo ya mechi ya nchi usiyoijua, na ukinyanyuka umechoka kuliko aliyelima. Wazee walitua saa tano kwa sababu walikuwa wameshatembea. Na tirikeza ipo: mvua za Novemba zikianza lazima mtu ashinde shambani, mtihani ukifika lazima ukeshe, mtoto akiugua hulali. Siku hizo kaza, tena kaza kichizi. Jua tu maji yako wapi na utayafikia lini. Kama hujui, hiyo siyo tirikeza, umepotea porini.

Kijiwe cha boda ndipo mabishano yalipo moto wiki hizi. Hoja iliyoletwa ni kwamba aliyeingia barabarani alfajiri asipakie abiria baada ya saa tatu usiku, na kila kijiwe kiwe na watu wa usiku waliolala mchana. Wenye mikopo ya pikipiki wanapinga, na sababu zao ni za kweli: rejesho halilali. Wengine wanataka kijiwe kichange mfuko mdogo, buku kila siku, wa kumfidia anayekosa safari za usiku. Kuna anayeuliza nani ataushika huo mfuko. Kuna anayeuliza mama mjamzito akipiga simu saa nane itakuwaje. Jibu la hilo limepatikana, anaitwa mtu wa zamu ya usiku. La mfuko bado. Mimi niko upande wa wanaotaka buku ianze kukusanywa Jumatatu, na nimeshawaambia nitaandika majina daftarini bure.